Kabla ya kusaini mkataba wa mfumo mpya, fika kwanza kwa wasanifu

Malalamiko dhidi ya vitengo vya usanifu wa mifumo katika taasisi kubwa yanafanana: wanachelewesha miradi, wanadai makaratasi, wanachora michoro ambayo hakuna anayeisoma. La michoro lina ukweli, na tutalifikia. La kuchelewesha, tunaomba mlalamikaji aangalie tarehe kwanza. Mradi unaokwama mara nyingi ni ule ulioletwa mkataba ukiwa umeshasainiwa na malipo ya awali yameshatoka. Hapo bodi ya usanifu, inayopitia miradi na kuiidhinisha, haina cha kupitia, inaombwa muhuri tu.

Usanifu unahusu tabaka nne: shughuli za taasisi, data zinazotumika, programu zinazozibeba data hizo, na miundombinu inayoendesha programu. Ndivyo zilivyopangwa katika TOGAF, mwongozo wa The Open Group uliotoka mara ya kwanza mwaka 1995. Kwa hiyo hoja kwamba "mfumo wetu uko kwenye wingu (seva za kukodi kupitia mtandao), hauwahusu" haina mashiko. Kilichohama ni seva. Shughuli, data na viunganishi (njia ambazo mifumo hupeana data) vimebaki vilevile, na vimeongezewa mkataba wa kusimamia.

Chombo kikuu cha kazi hii ni rejista ya mifumo. Kila mstari uwe na jina la mfumo, mmiliki wake, data unazoshika, mifumo unayopokea kutoka kwayo na unayoipelekea, muda ambao shughuli zinaweza kuvumilia mfumo ukizimika, tarehe ya mwisho wa mkataba, na tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kutoa marekebisho ya usalama. Tarehe hizo mbili ni tofauti, na zinachanganywa kila mara. Mwisho uwekwe uamuzi: ubakie, uendelezwe, uhamishwe au uondolewe. Mmiliki si kitengo cha TEHAMA. Mfumo wa mishahara ni wa anayesimamia mishahara, na ndiye atakayeulizwa.

Msianze kuorodhesha kila kitu. Anzeni na mifumo 20 au 30 inayobeba kazi kuu. Rejista inayojazwa mara moja na mshauri wa nje huoza haraka, kwa sababu hakuna tukio linalolazimisha mtu kuifungua. Ifungeni kwenye matukio yanayotokea kwa vyovyote: maombi ya bajeti, kuhuisha leseni, ombi la mabadiliko. Mstari usipohuishwa, ombi lisipokelewe.

Uharibifu mwingi hutokea kwenye viunganishi. Mifumo 10 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake ni viunganishi 45. Mifumo 40 ni 780. Taasisi haifiki huko kikamilifu, ila huelekea huko idara moja baada ya nyingine. Tazama kosa dogo: mfumo wa watumishi unaandika tarehe ya kuzaliwa 03/04 kwa maana ya tarehe 3 Aprili, na wa mishahara unaisoma 4 Machi. Tarehe kuanzia 13 na kuendelea zinakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, basi fundi anazirekebisha na kuamini amemaliza. Zile za 1 hadi 12 zimepita kimya, zikiwa zimegeuzwa. Zitaonekana mtumishi atakapodai mafao. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku, kingelizuia hilo kwa sharti la mstari mmoja kwenye nyaraka za zabuni.

Sasa utaratibu, maana ndipo simu nyingi zinapotoka. Mradi hupita mbele ya bodi mara tatu. Kwanza ni wazo, ukurasa mmoja, kabla ya nyaraka za zabuni kuandikwa. Pili ni usanifu wa kina, kabla ya kusaini: mchoro wa viunganishi, orodha ya data na wamiliki wake, mahali zitakapohifadhiwa, na namna ya kuzitoa zote siku mkataba ukivunjika. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Tatu ni ukaguzi kabla ya kuwasha, kulinganisha kilichojengwa na kilichoidhinishwa.

Bodi iwe ndogo. TOGAF inashauri wajumbe wa kudumu wanne au watano, wasizidi kumi. Uamuzi wake ni kukubali, kukubali kwa masharti, kukataa, au kutoa ruhusa ya muda ya kukiuka kiwango. Ruhusa hiyo lazima iwe na tarehe ya mwisho, sababu, na jina la atakayegharamia marekebisho. Bila tarehe, kiwango kimefutwa bila mtu kusema. Ikipita tarehe, suala lipande kwa aliyeidhinisha bajeti. Mfumo uliowashwa bila kupita usifunguliwe njia ya mtandao wala kuunganishwa na orodha ya watumiaji. Malipo ya mwisho ya mzabuni yanaweza kuzuiwa, lakini pale tu mkataba unaposema hivyo, na ndiyo maana tunahimiza mje kabla ya kusaini. Kwa dharura ya kweli mwenyekiti aamue peke yake, na bodi ipitie kikao kinachofuata. "Majaribio tu" si dharura. Na majaribio yanayotumia data halisi za watu si majaribio.

Kuhusu michoro, vitengo vyetu vikubali kosa. Mchoro wa visanduku 200 ukutani haumsaidii mkurugenzi wala fundi. Kiwango cha kimataifa cha kueleza usanifu, ISO/IEC/IEEE 42010, kinataka kila mwonekano wa usanifu (mchoro au maelezo ya upande mmoja wa mfumo) ujibu jambo linalomhusu mdau fulani. Basi juu ya kila mchoro liandikwe swali unalojibu, jina la aliyeuliza, na tarehe. Usio na swali usiletwe kwenye bodi, hata kama umechorwa na mkuu wa kitengo.