Kuzima GPS hakufuti safari iliyopita

Wengi wanaoita bodaboda kwa programu ya simu pale Kilombero au Njiro, Arusha, huamini kwamba ukizima GPS (kitambua mahali cha simu) ukishashuka, hakuna anayejua ulikopita. Kuizima kunasaidia, ila kwa yanayofuata tu. Ulipopandia, uliposhukia, saa na nauli vimeshatunzwa kwenye seva (kompyuta za kuhifadhia) za mwenye programu; na simu ya dereva, ambayo abiria huisahau, ilikuwa ikituma mlipo njia nzima. Fungua historia ya safari zako: huenda ukaikuta hata ile ya Sakina ya mwaka jana, na ramani yake. Kwenye mipangilio ya simu, ruhusu mahali ulipo pale tu unapotumia programu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuwauliza wenye programu wanachokihifadhi kukuhusu.