Usiokote Konokono wa Mbudya: Thamani Yake ni Kubwa Kuliko Pambo la Sebuleni

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yaleyale: wageni wanarudi kutoka visiwa vya Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar es Salaam, na mifuko ya magamba, mengine yakiwa bado na konokono hai ndani. Wakiulizwa, hujibu kwamba ni magamba tu, bahari imejaa. Jibu hilo si sahihi hata kidogo.

Anayeokotwa kwa sababu ya uzuri wake ni konokono mwenye gamba la umbo la pia, yaani koni. Mwendo wake ni wa polepole, hana uwezo wa kumfukuza samaki, hivyo huwinda kwa kumchoma kwa jino lenye sumu kali, linalofyatuka kama chusa. Spishi mojawapo, Conus geographus, imeshaua watu, na dawa ya kuivunja sumu yake haipo. Jino hupenya kitambaa, kwa hiyo mfuko wa suruali si kinga. Aliyechomwa asichanjwe chale. Kiungo kitulizwe, awahishwe hospitali, kwa maana kinachoua ni kupooza kwa misuli ya kupumua. Akisaidiwa kupumua hadi sumu iishe nguvu, anaweza kupona.

Sumu hiyo imewafundisha wanasayansi mengi. Kutoka kwa Conus magus wa Pasifiki ilipatikana zikonotaidi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huingizwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo, ikazuia neva kupitisha maumivu, wala haileti uraibu wa mofini. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba Conus geographus hutumia pia insulini kushusha sukari ya samaki mpaka alegee. Insulini yetu huhifadhiwa molekuli zake zikiwa zimeshikana sitasita, na lazima ziachane kwanza ndipo ifanye kazi. Ya konokono haishikani hivyo, na ndiyo maana wanaotafuta insulini ya haraka kwa wenye kisukari wanaichunguza kwa makini.

Si bahari peke yake: maziwa yenye maji ya magadi nayo yana hazina yake. Bakteria wanaoishi humo wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, visivyoharibika ndani ya sabuni. Kenya ililijua hilo kwa uchungu: sampuli zilichukuliwa Ziwa Bogoria, vimeng'enya vikaingia viwandani ng'ambo, na mwaka 2004 mamlaka ya wanyamapori ya huko ikadai hadharani mgawo wake. Sisi tuna Ziwa Natron. Ndiyo maana tunasisitiza vibali na makubaliano ya maandishi.

Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa Mtanzania na kwa mgeni. Dhana kwamba kinawahusu wageni peke yao tumeikanusha mara nyingi, tena tunaikanusha. Mgeni lazima awe na taasisi mwenyeji. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, vilevile. Kibali cha kukusanya hakiruhusu kusafirisha: sampuli inayotoka nchini huhitaji makubaliano ya maandishi yanayotaja matumizi yake na mgawanyo wa faida, kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu mgawanyo huo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si kibali, na ruhusa ya mvuvi aliyekuuzia si kibali. Zanzibar ina utaratibu wake.

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Humo havuliwi wala haokotwi kiumbe, na gamba tupu liachwe pia, maana kuna kaa wanaolihitaji kwa makazi. Anayekiuka anaweza kushtakiwa, akatozwa faini au kufungwa, na alichobeba kikataifishwa. Kusema hukujua si utetezi.

Wavuvi tunawaomba kwa dhati. Ni ninyi mlionasa silikanti katika maji ya Tanzania mwaka 2003, samaki ambaye kabla ya 1938 dunia iliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Ukinasa usichokijua, usikipeleke mnadani kwenye soko la samaki la Feri. Kama kiko hai, kirudishe majini. Kama kimekufa, kiweke kwenye barafu bila kukipasua, kipige picha, andika mahali na kina cha maji, kisha umwarifu ofisa uvuvi wa eneo lako au viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, siku hiyohiyo.