Chini ya bahari pana wenyewe

Ukitaja uhifadhi wa bahari, watu huwaza kasa, nguva au nyangumi. Ni vigumu kulionea huruma tope. Mimi pia nilianza na nguva, na ni yeye aliyenifanya nitazame chini alikokuwa akila. Hizi hapa ni dhana potofu nilizokutana nazo tangu hapo.

Dhana: Chini kule ni mchanga na matope tu.

Alichokuwa akila nguva huko chini ni nyasi bahari, nazo si mwani. Zina mizizi, maua na mbegu, na chavua yake hubebwa na maji badala ya upepo. Nguva mmoja anaweza kula hadi kilo 40 kwa siku. Huzing'oa na mizizi yake, akaacha nyuma ujia mweupe wa mchanga katikati ya kijani. Maji yakiwa maangavu, aliye juu ya mtumbwi anaona kabisa alikopita. Kwa hiyo kupiga marufuku kumvua nguva huku nyavu za kukokota zikichimbua chakula chake ni sawa na kumwokoa ng'ombe kwa mchinjaji kisha kuchoma malisho.

Kwenye vilindi vya giza na baridi nako kuna matumbawe, tena yasiyohitaji jua. Hukua polepole mno. Wavu wenye minyororo ukipita juu yake mara moja tu, kilichojengwa kwa karne nyingi kinabaki kifusi.

Dhana: Pakiharibika, patajirudi penyewe.

Mwaka 1989 watafiti waliburuta kifaa mfano wa plau kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 4,000 chini, nje ya pwani ya Peru, ili waone uchimbaji wa madini ungeacha nini. Waliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, mifereji ilikuwa ingali pale. Vinundu vya madini ya manganizi vinavyotamaniwa na wachimbaji hukua milimita chache kwa miaka milioni, na sponji, wanyama wa baharini wasiohama, walioota juu yake hawana pengine pa kujishikiza.

Mwaka 2019 konokono mwenye magamba yaliyopakwa madini ya chuma, aishiye kwenye chemchemi za maji moto chini ya Bahari ya Hindi, aliingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kama kiumbe aliye hatarini kutoweka. Alikuwa wa kwanza kuingizwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa madini ya vilindini. Hakuna anayemvua wala anayemla. Kosa lake ni anuani.

Dhana: Wanataga mayai kwa mamilioni, hawawezi kwisha.

Hii ndiyo inayodanganya watu werevu. Abaloni mweupe, konokono wa pwani ya California, hutaga mayai mamilioni. Lakini dume na jike hawapandani: jike humwaga mayai yake na dume mbegu zake majini, na lazima wawe jirani ili viwili hivyo vikutane. Katika miaka ya 1970 walivunwa mno, waliosalia wakawa mmoja huku, mwingine kule. Waliendelea kumwaga mayai kila msimu, na mayai yaliendelea kupotelea majini bila kurutubishwa. Kufikia mwaka 2001, alipokuwa wa kwanza miongoni mwa viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo kulindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini, wengi wa waliobaki walikuwa wazee.

Dhana: Anayetoweka ni yule anayewindwa.

Vakita, pomboo mdogo wa Mexico, hatafutwi na mtu. Hunaswa kwenye majarife yaliyotegwa kwa ajili ya samaki totoaba, ambaye bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, ni ghali. Hesabu ya mwaka 2023 ilikadiria vakita wapatao 10.

Dhana: Hifadhi ni kumpokonya mvuvi riziki.

Si uongo mtupu. Miaka ya mwanzo huuma, na huumia zaidi mwenye mtumbwi mdogo. Anayemwambia mvuvi vinginevyo hajawahi kutegemea bahari. Lakini tazama Cabo Pulmo, Mexico, palipotangazwa hifadhi mwaka 1995. Kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki wote kwenye miamba yake ulipanda kwa zaidi ya asilimia 460. Waliosukuma hifadhi hiyo walikuwa familia za wavuvi wa kijiji hicho hicho, ambao leo wengi wao huwapeleka wazamiaji kutazama chewa pale walipokuwa wakitega.