Yasemwayo na Yajulikanayo Kuhusu Tenzi za Homer

Farasi wa mbao, ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili kuuteka mji wa Troia, hayumo katika Iliadi, utenzi wa Kigiriki cha kale unaohusishwa na Homer. Kifo cha Achilles, shujaa wa Wagiriki, kinatabiriwa humo lakini hakisimuliwi, kisigino chake, kisemwacho kuwa mahali pake pekee pa udhaifu, hakitajwi, na mji wenyewe bado umesimama mshororo wa mwisho unapofika. Hata hivyo, ukimwomba mtu aliyesoma akueleze Iliadi inahusu nini, mara nyingi atakutajia mambo hayo matatu. Iliadi na Odisei, utenzi wa pili wa Homer unaosimulia safari ya shujaa Odysseus kurudi nyumbani, zimezungukwa na habari nyingi zilizotoka kwingine, na si rahisi kuzisoma vizuri kabla ya kutenganisha kilichomo na kilichoongezwa.

«Iliadi ni hadithi nzima ya vita vya Troia»

Neno la kwanza la utenzi huo ni hasira, na hasira ndiyo mada yake. Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, anamnyang'anya Achilles mwanamke aliyepewa kama sehemu ya nyara, naye Achilles anajitenga na mapigano mpaka rafiki yake Patroclus anapouawa. Mishororo takriban 15,700 inatumika kusimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa vita, na inakoma kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa upande wa adui. Farasi anatajwa katika Odisei, kwa ufupi, hasa katika wimbo wa manju kipofu Demodocus. Masimulizi marefu yanayojulikana leo ni ya Mrumi Virgil, aliyefariki mwaka 19 KK, karne nyingi baada ya tenzi hizi kuimbwa. Habari ya Achilles kuchovywa mtoni akiwa mtoto, huku ameshikwa kisigino, inaonekana kwa Statius, Mrumi mwingine, katika karne ya kwanza BK. Wasomaji waliolelewa na habari za Fumo Liyongo, ambaye hakufa ila kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, huona ni jambo la kawaida shujaa kuwa na mahali pamoja tu pa udhaifu. Lakini Achilles wa Homer ana mwili kama wa watu wengine: katika sehemu ya 21 mkuki unamchubua mkono, na damu inatoka.

Vita vizima vilisimuliwa katika tenzi nyingine ambazo zimepotea na kutuachia muhtasari na vipande vifupi. Mmojawapo, Aithiopis, ulimhusu Memnon, mfalme wa Waethiopia, aliyekwenda kuisaidia Troia akauawa na Achilles.

«Homer aliketi na kalamu akatunga kitabu»

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa sababu dhana hii ndiyo iliyowapotosha hata wataalamu kwa muda mrefu. Kwetu huja kwa wepesi zaidi, kwa kuwa tenzi kongwe za pwani zilizotufikia zina miswada, na baadhi zina majina ya watunzi. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, umehifadhiwa kwa hati za Kiarabu, una tarehe ya mwaka 1728, na unahusishwa na Bwana Mwengo wa Pate. Ni haki kumwita mtu kama huyo mwandishi, na ni rahisi kumdhania Homer kuwa alifanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Mwaka 1795 mwanazuoni wa Kijerumani Friedrich August Wolf alitoa hoja kwamba tenzi hizi zilitungwa na kuenezwa kwa mdomo kabla hazijaandikwa, na kwamba umbo tulilo nalo lilipatikana baadaye. Waliomfuata katika karne ya 19 waligawanyika. Kundi moja lilizichanachana tenzi hizo likitafuta nyimbo fupi zilizounganishwa, na jingine likashikilia kwamba mtu mmoja mwenye kipaji ndiye aliyezijenga zote. Ugomvi huo ulikuwa na kasoro kwa pande zote mbili: ingawa walizungumza juu ya masimulizi ya mdomo, bado walipima kazi hizi kwa vipimo vya kitabu. Kurudiarudia kwa maneno, kwa mfano, kulionekana ama dalili ya viraka ama uzembe wa mtunzi.

Milman Parry, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, ndiye aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Katika tasnifu alizowasilisha Paris mwaka 1928 alichunguza zile sifa zinazobandikwa kwenye majina: Achilles mwenye miguu mepesi, Hector wa kofia inayometameta, merikebu zenye kasi. Sifa hizi hutokea hata pale ambapo hazilingani na tukio. Merikebu ni zenye kasi zikiwa zimevutwa nchi kavu. Nguo anazozitoa binti mfalme Nausicaa kwenda kuzifua mtoni zinaitwa nguo zing'aazo, ingawa zinafuliwa kwa kuwa ni chafu.

Jibu la Parry liko katika arudhi. Mshororo wa Homer hauna vina, wala hauhesabiwi kwa idadi ya mizani kama utenzi wetu wenye mizani nane katika kila kipande. Una sehemu sita, ambazo kila moja huanza na silabi ndefu inayofuatwa ama na silabi mbili fupi ama na moja ndefu, isipokuwa ya mwisho ambayo daima ina silabi mbili tu. Kwa sababu hiyo mshororo unaweza kuwa na silabi 12 au hata 17 na bado ukawa na urefu uleule sikioni. Mwimbaji anayetunga huku hadhira ikimsikiliza hawezi kusimama atafute neno la kujaza pengo. Anahitaji kauli zilizo tayari. Akibakiwa na nafasi ndogo mwishoni mwa mshororo, anayo kauli isemayo Odysseus mtukufu. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, Odysseus mwenye hila nyingi. Na ikiwa kubwa zaidi ya hapo, Odysseus mtukufu aliyevumilia mengi. Parry alionyesha kwamba kwa kila shujaa na kila nafasi, kwa kawaida ipo kauli moja tu, bila ya ziada na bila ya upungufu. Mpangilio mkubwa na wenye nidhamu kiasi hicho haubuniwi na mtu mmoja katika maisha yake. Ni urithi wa vizazi vya waimbaji, na hata lugha yenyewe inathibitisha hivyo, kwa maana inachanganya maumbo ya lahaja na ya nyakati mbalimbali ambayo hayakupata kuzungumzwa pamoja katika mji wowote.

Kuanzia mwaka 1933 hadi 1935 Parry alikwenda Yugoslavia, ambako bado walikuwapo waimbaji wa nyimbo ndefu za mashujaa walioimba kwa gusle, chombo cha uzi na upinde kinacholingana na zeze. Pamoja na msaidizi wake Albert Lord aliwarekodi kwenye sahani za alumini. Aliyewastaajabisha kuliko wote alikuwa Avdo Međedović, mwenye bucha asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye mwaka 1935 aliwasimulia wimbo wa mishororo zaidi ya 12,000, yaani urefu unaokaribiana na wa Odisei. Jaribio moja walilomfanyia lastahili kukumbukwa. Mwimbaji mwingine aliimba mbele yake wimbo ambao Avdo hakuwahi kuusikia, wenye mishororo ipatayo 2,300. Alipotakiwa auimbe, aliuimba palepale kwa mishororo zaidi ya 6,000, akiwapa wahusika fikra na majonzi ambayo mwenzake hakuwapa.

Mfano huo unaondoa dhana nyingine iliyo jirani, kwamba mwimbaji asiyeandika hana budi kuwa amekariri kwa ghibu. Waimbaji wa Yugoslavia waliapa kwamba huimba wimbo uleule neno kwa neno, lakini rekodi zilipolinganishwa zilitofautiana. Hawakusema uongo. Kwao neno halikuwa kile kinachotenganishwa kwa nafasi nyeupe katika ukurasa, bali kauli nzima, au tukio zima, lililosimuliwa inavyopasa.

«Basi imethibitishwa kwamba Homer hakuwapo»

Haijathibitishwa hivyo. Kilichothibitishwa ni kwamba nyuma ya tenzi hizi kuna mapokeo marefu ya mdomo. Ni nani aliyezipa umbo la mwisho, kama alikuwa mmoja au wawili, na maandishi yaliingia lini, haya bado yanabishaniwa. Lord aliona kwamba mwimbaji hodari alimsimulia mwandishi aliyenakili. Gregory Nagy amependekeza kwamba umbo liliganda polepole kwa karne kadhaa za uimbaji, na Martin West alishikilia kwamba watunzi wawili tofauti walitumia maandishi wao wenyewe. Kwa maoni yangu hoja ya Lord ndiyo inayoeleza mambo mengi zaidi, ingawa inawiwa maelezo kuhusu sehemu kama ya kumi ya Iliadi, ambayo wengi wanaiona kuwa iliongezwa baadaye.

Sifa zilizo tayari nazo zisitufanye tudhani kwamba mtunzi hakuwa na uamuzi. Fundi wa kofia haanzi kwa kufuma kitambaa, na hakuna anayemnyima ufundi kwa sababu hiyo. Hakuna fomula, yaani kauli iliyo tayari, iliyomlazimu mtunzi amlete Priam, mfalme mzee wa Troia, usiku katika kambi ya adui ili aibusu mikono ya Achilles iliyowaua wanawe.

«Schliemann alithibitisha kwamba Homer alisema kweli»

Mjerumani Heinrich Schliemann, akiutafuta mji wa Troia, alichimba kilima cha Hisarlik, katika Uturuki ya leo, kuanzia miaka ya 1870, baada ya kuelekezwa na Frank Calvert, ambaye jina lake husahauliwa. Vito vya dhahabu alivyovipata mwaka 1873 na kuviita hazina ya Priam vilitoka katika tabaka la mji ulioteketea zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wakati unaodhaniwa kuwa wa vita vya Troia. Zaidi ya hayo, handaki lake kubwa liliharibu sehemu ya matabaka ya baadaye ambayo ndiyo yangefaa kuchunguzwa.

Kilima hicho kilikuwa na mji wenye ngome wa mwisho wa zama za shaba, na hati za Wahiti, taifa la kale lililotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, za karne ya 13 KK zinataja nchi ya Wilusa na mtawala wake Alaksandu, majina ambayo wengi huyalinganisha na Ilion, jina jingine la Troia, na Alexandros, jina la pili la Paris, mwana wa Priam. Huo si uthibitisho wa Helena, mwanamke ambaye vita vinasemwa kupiganwa kwa ajili yake, wala wa vita vya miaka kumi. Utenzi huhifadhi kumbukumbu kwa namna yake. Iliadi inaeleza kofia iliyofunikwa kwa meno ya nguruwe mwitu, ya aina iliyokwisha kutoweka karne nyingi kabla ya Homer, na wakati huohuo mashujaa wake wanachomwa moto wanapokufa, desturi ya enzi za baadaye.

«Ulaya ilizirithi tenzi hizi moja kwa moja»

Waliozisahihisha na kuzilinganisha nakala zake kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kitaaluma walifanya kazi Afrika. Katika maktaba ya Alexandria, Misri, Zenodotus na baadaye Aristarchus waliweka alama pembeni mwa mishororo waliyoitilia shaka, na mchanga wa Misri umetupa zaidi ya vipande elfu moja vya mafunjo vyenye maneno ya Homer. Ulaya ya magharibi ilikaa karne nyingi bila kuisoma Iliadi ya Kigiriki. Petrarch, mshairi wa Italia wa karne ya 14, alikuwa na nakala ambayo hakuweza kuisoma. Wabizanti, yaani watu wa dola ya Kirumi ya mashariki waliosema Kigiriki, ndio walioendelea kuifundisha shuleni, na ilichapishwa kwa mara ya kwanza Florence mwaka 1488. Tafsiri ya Kiarabu ya ushairi iliyofanywa na Sulayman al-Bustani ilitoka Cairo mwaka 1904.

«Afrika haina tenzi za namna hiyo»

Dhana hii ilitokana na kumfanya Homer wa vitabuni kuwa kipimo. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu kilichofanya mengi mema kwa fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kwamba utenzi mrefu wa kishujaa hauonekani kuwa na nafasi kubwa barani. Mwaka 1979 Mnigeria Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima, akitumia uchunguzi wa Parry na Lord na kuukosoa pale ulipomfanya mwimbaji aonekane kama mashine ya fomula.

Miongoni mwa ushahidi uliokuwapo ni utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Manju wake, Candi Rureke, aliutoa mwaka 1956 kwa siku 12, akiimba, akisimulia na kuigiza, huku maneno yake yakinakiliwa. Kwa kawaida sehemu zake huimbwa moja moja, kulingana na hafla na hamu ya wasikilizaji. Rureke alisema kwamba hajawahi kuutoa wote kwa mfululizo mpaka hapo alipoombwa. Wanaojiuliza ni karamu gani ingeweza kusubiri mishororo 15,700 imalizike, wanao hapo mfano wa jinsi wimbo unavyoweza kufikia urefu ambao hauna hafla yake, pindi mwimbaji anapompata mtu wa kunakili aliye tayari kuketi naye mpaka mwisho.