Upepo au taimingi? Kabla hujailegeza pampu ya dizeli

Gari limezimwa jana likiwa zima. Asubuhi linapigwa starta hadi betri inachoka. Likiwaka, linakohoa na kuzima. Fundi mwenye haraka analegeza boliti za pampu, anaizungusha kidogo: "Taimingi imehama." Sasa matatizo ni mawili.

Taimingi, yaani wakati ambao pampu hupeleka dizeli ndani ya injini, haihami yenyewe usiku. Lazima boliti zilegee, mkanda uruke meno au kii ya shafti ikatike. Na ikihama hubaki hapo, kasoro ni ileile kila siku. Upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, ni kigeugeu: leo upo, kesho haupo, unasumbua zaidi gari likilala.

Dizeli haishindiliki kirahisi, upepo unashindilika. Pampu ikipokea povu, nguvu yake huishia kuubana upepo huo, na nozeli (kinyunyizi cha dizeli ndani ya injini) inayosubiri presha ya zaidi ya baa 100 haifunguki.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba paipu inayoingiza upepo huenda isidondoshe hata tone. Kutoka tangini hadi pampu ya kuvutia, mafuta hunyonywa, hayasukumwi, kwa hiyo tundu la hapo hufanya kazi kama la mrija uliotoboka. Injini ikizimwa, mafuta hurudi tangini polepole. Ndiyo sababu ya usumbufu wa asubuhi.

Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, uangalie mapovu. Ukiyaona, chomeka mpira kwenye kidumu cha dizeli safi kilichoinuliwa. Injini ikitulia, pampu haina kosa. Rudi nyuma ukague oringi ya filta, washa za shaba na mipira iliyopasuka chini ya klempu.

Kutoa upepo huanzia kwenye filta: piga pampu ya mkono hadi povu liishe, kisha nenda pampu kubwa (ile ya taimingi), mwisho nati za nozeli. Hatua hii ya mwisho ni ya pampu za zamani tu. Kwenye komoni reli (mfumo wa kisasa wa dizeli wenye presha kubwa sana) usilegeze nati hizo injini ikizunguka. Mafuta yake hupenya ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano ni cha kukimbizwa hospitali hapohapo.

Upepo ukiisha na injini bado inagonga kama nyundo, huenda inachoma mapema. Ikikosa nguvu na kutoa moshi mweupe, huenda inachelewa. Hapo ndipo pampu iguswe. Chora kwanza mstari unaokatisha pampu na kitako chake, kwani kwenye injini ya mipigo minne nyuzi 1 ya pampu ni nyuzi 2 za krenki.