Hakuna mtoto jumuishi

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi, mwalimu alituonyesha chumba cha mwisho, jirani na stoo, chenye ngazi tatu na karatasi mlangoni: DARASA LA WATOTO JUMUISHI. Watoto wa chumba hicho walikuwa na mapumziko yao peke yao, wenzao wakiisha kurudi madarasani. Nimeshasikia tamko hilo mara nyingi mno, hata redioni, kana kwamba jumuishi ni jina la adabu la mtoto mwenye ulemavu.

Elimu jumuishi ni utaratibu ambao shule ya kawaida hurekebisha majengo, ufundishaji, vifaa na mitihani yake ili kila mtoto wa eneo lake asome humo pamoja na wenzake. Elimu maalumu ni ujuzi na huduma zinazolenga mahitaji fulani, kama vile nukta nundu (maandishi ya kugusa ya wasioona) au lugha ya alama, nazo zaweza kutolewa katika shule ya peke yake, katika kitengo cha peke yake ndani ya shule ya kawaida, au ndani ya darasa la wote.

Neno lenyewe linajieleza. Jumuishi limetokana na kitenzi jumuisha kama shirikishi lilivyotokana na shirikisha, na ile irabu ya mwisho hutaja kinachotenda, si kinachotendewa. Kwa hiyo anayejumuisha ni shule, na mtoto hawezi kuwa jumuishi hata tukimpenda vipi. Jumuisha ni ndugu wa jumuiya, jamaa na Ijumaa, maneno yaliyotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanyika. Wengi hulichanganya na jumlisha, ambalo limetoka kwenye jumla, mzizi mwingine kabisa, wa hesabu. Kumwandika mtoto kwenye rejista na kumketisha karibu na stoo ni kumjumlisha. Lipo pia neno mchanganyiko, ambalo bado limo katika jina la Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, wanakosoma watoto wenye ulemavu na wasio nao: kuchanganya ni kuwaweka watoto mahali pamoja, na kwaweza kufanyika bila shule kubadilisha chochote, ilhali kujumuisha hakuwezi.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na ibara ya 24 ya mkataba huo inaitaka serikali, si mtoto, ifanye marekebisho yanayofaa. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe “ni jumuishi” hudhani ameelezwa hali ya mtoto, akashukuru na kuondoka, badala ya kuuliza ngazi zile zitawekewa mteremko lini.

Kwa hiyo, mwalimu, kwa heshima zote, chumba kile kiitwe kitengo cha elimu maalumu, jina lisilo na aibu yoyote, na jumuishi lingoje hadi shule nzima itakapolistahili.