Msitu wa mto Tana unahama, usidhani umesimama tu

Watu wengi wakifika Mchelelo au Baomo kule Tana River wanaona miti mikubwa wanasema huu msitu umekuwa hivi tangu enzi za mababu. Si kweli, ama tuseme ni kweli nusu. Msitu umekuwepo lakini sio palepale, na sio miti ileile.

Kule mvua ni kidogo sana, ukitoka mtoni kilomita moja mbili hivi unakuta vichaka vikavu na miiba, kwa hivyo huu msitu hauishi kwa mvua, unaishi kwa maji ya mto yanayopenya chini ya ardhi na kwa mafuriko ya masika na ya vuli. Na mto wenyewe hautulii. Kwenye kona, upande wa nje unakula ukingo, miti inaanguka na mizizi yake yote, upande wa ndani unamwaga mchanga. Pale kwenye mchanga mpya ndo hadithi inaanza upya.

Wa kwanza kuingia ni popla wa Tana, kitaalamu Populus ilicifolia. Mbegu zake zina pamba, nyepesi, zinapeperuka na zinataka mchanga uliolowa, mtupu, wenye jua. Chini ya kivuli cha mama yake haioti, hilo kumbuka. Popla na migunga wakishasimama wanashika tope, ardhi inainuka kila mafuriko, halafu inakuja mikuyu na mikindu, baadaye kabisa ndo ile miti inayovumilia kivuli kama Diospyros na Mimusops. Mto ukihamia mbali maji ya chini yanashuka, wazee wanakauka kuanzia matawi ya juu, na vichaka vinarudi.

Sasa shida iko wapi? Juu huko kumejengwa mabwawa matano, Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme tunautaka wote, mimi pia naandika hapa kwa stima yake. Lakini Masinga inashika mafuriko na inashika tope, na mafuriko yakipungua mto unasogea kidogo, mchanga mpya unapungua, popla wanakosa pa kuzaliwa. Mafuriko hayajafungwa kabisa, El Niño ya 1997 hadi 1998 ilipita na kumwagika kila mahali, ila mafuriko ya mara moja moja sio sawa na ya kila mwaka. Ongeza shamba kwenye kingo, maana ndo udongo mzuri ulipo na Wapokomo wamelima hapo tangu zamani, ongeza mikindu inayokatwa kwa mikeka na kugemwa tembo, na mathenge, mti wa miiba wa kigeni, ambaye anaingia haraka palipoachwa wazi. Mbega mwekundu wa Tana naye, ambaye hayuko popote duniani ila hapa, anategemea sana mikuyu.

Ndo maana kuzungushia msitu waya tu hakutoshi, utakuwa umelinda wazee wasio na watoto.

Kazi yetu sisi tunaoufuatilia msitu huu ni ya polepole, tunapima shina kwa tepu mita 1.3 kutoka chini, tunapigilia kibati chenye namba, tunarudi baada ya miaka. Kwa hivyo siku ukitukuta tumepita mkuyu mkubwa bila hata kuutazama, tumeinama mchangani tunahesabu vimche vya urefu wa kidole, usicheke, pale ndo tunasoma msitu wa wajukuu wako.